Kuchora viluwiluwi na tunutu wa majini ili kutenganisha spishi: mwongozo kwa maji ya Kigoma

Chota upawa mmoja wa maji kwenye shimo la kufyatulia matofali bondeni Luiche, mwezi wa Januari, na huenda ukapata humo viluwiluwi wa mbu wa jenasi mbili, tunutu (watoto) wa kereng'ende na vijidudu vingine vyembamba kama uzi. Kwa jicho tupu wengi wao wanafanana. Chini ya hadubini wanatofautiana, ila kwa mambo madogo: unywele wenye matawi badala ya kuwa mzima, kibamba cha mgongoni kilichopanuka kupita kawaida, kucha mbili badala ya moja. Picha ya simu hushika kina kimoja tu cha mwili, na kila kilicho juu au chini yake huwa ukungu. Mchoraji hupandisha na kushusha fokasi, akahesabu, kisha akakusanya hesabu zote kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo mchoro wa kutambulisha spishi huhukumiwa kwa hesabu zake. Mchoro wenye vivuli vya kupendeza na nywele za kukisia haumsaidii mtu. Mistari mitupu yenye idadi sahihi inatosha, hata kama aliyeichora hajawahi kusifiwa kwa sanaa.

Kukamata na kuua bila kuharibu

Michoro mingi huharibikia mtoni kabla penseli haijachongwa. Viluwiluwi wa mbu huogopa kivuli, basi simama jua likiwa mbele yako ili kivuli kianguke nyuma. Ingiza upawa kwa kuuinamisha pembeni mwa majani. Ukiwashtua, subiri dakika mbili tatu warudi juu. Upawa mweupe wa plastiki wa ml 350 ndio unaotumika sana kwa kazi hii, kwa kuwa weupe wake humwonyesha hata mdogo. Usisahau mitumbwi iliyopandishwa ufukweni ikakaa na maji ya mvua, makopo na matairi. Kwenye migomba ya Buhigwe na Kasulu, mbu Aedes simpsoni na jamaa zake huzaliana katika maji yanayotuama kati ya jani na shina. Huko upawa haufiki; tumia bomba la sindano la ml 20 lililochomekwa mpira mwembamba mbele.

Ukiona kiluwiluwi mkubwa anayekaa kimya kisha anarukia wenzake, mtenge mara moja. Huyo huenda ni Lutzia tigripes, mla viluwiluwi, na ukimwacha kwenye chupa pamoja na wengine utafika nyumbani na sampuli moja iliyoshiba.

Kwenye makorongo ya mawe yanayoteremka kuelekea ziwani, weka wavu wenye matundu ya nusu milimita ukikabili mkondo, kisha vuruga mawe kwa mguu hatua moja juu yake. Geuza mawe makubwa na uwatoe wadudu kwa brashi laini ya rangi namba 0. Kibano cha chuma huvunja mikia na matamvua (viungo vya kupumulia majini), na hivyo ndivyo utakavyovihitaji kesho. Kitambaa cha chandarua hakifai kwa sababu matundu yake ni makubwa na tunutu wadogo hupita. Ndani ya Hifadhi ya Gombe hakuna kuchota chochote bila kibali cha utafiti, kinachopitia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na TANAPA (shirika la hifadhi za taifa). Anza kufuatilia mapema. Kwenye maji yaliyotulia yenye konokono vaa buti za mpira, kwani kichocho kipo mkoani. Ukingoni mwa Malagarasi mtu mmoja achote na mwingine aangalie mamba.

Kiluwiluwi wa mbu akitumbukizwa akiwa hai ndani ya spiriti hujikunja na kusinyaa, na aliyejikunja hapimiki. Muue kwanza kwa maji ya nyuzi 60 hivi. Kama huna kipimajoto, changanya nusu kwa nusu maji yanayochemka na maji ya kawaida. Kigoma mjini, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, na mchanganyiko huo hukaribia 60. Watie viluwiluwi kwenye chujio la chai, wazamishe dakika moja, kisha wahamishie kwenye spiriti ya asilimia 80. Tunutu wa mtoni wanaweza kuingia moja kwa moja.

Ukiwa na ethanoli ya asilimia 96, ongeza ml 20 za maji kwenye kila ml 100 nawe utapata asilimia 80. Ukitaka asilimia 70, ongeza ml 37. Baada ya saa 24 mwaga hiyo spiriti uweke mpya, kwa sababu maji yaliyotoka miilini mwao yameshaipunguza nguvu. Pombe kali ya dukani ya asilimia 35 haitoshi: sampuli itaoza ikiwa imelewa.

Rangi ndiyo ya kwanza kupotea. Kijani hufifia, na madoa mengine hubaki hafifu au huondoka kabisa. Andika rangi mdudu akiwa bado hai, kwa maneno ya kawaida: "mgongo kahawia, mstari mweupe katikati, miguu yenye pete mbili nyeusi". Lebo iandikwe kwa penseli kwenye kipande cha karatasi ngumu na iingie ndani ya chupa. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti, nayo lebo ya nje hubanduka. Iwe na mahali, majira ya GPS, tarehe, aina ya maji, jina la mkusanyaji na namba. Namba hiyohiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye kona ya mchoro.

Chagua aliyekomaa

Funguo nyingi za kutambulisha viluwiluwi wa mbu, yaani maswali yanayofuatana hadi kwenye jina la spishi, zimeandikwa kwa hatua ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho kabla ya kuwa bundo (pupa). Wa hatua ya pili ana nywele chache zenye matawi machache, na ukimchora yeye utakuwa umebuni spishi isiyokuwepo. Namna ya kujua ni kupima upana wa kichwa. Gamba la kichwa halikui kati ya kujivua na kujivua, huruka ghafla kila anapojivua. Pima vichwa 20 kutoka dimbwi moja, viandike kwa mpangilio, nawe utaona vipimo vimejikusanya mafungu mafungu. Chora wa fungu la juu. Lakini hakikisha dimbwi halina spishi mbili za ukubwa tofauti, maana hapo mafungu huchanganyika na kipimo hiki kinaweza kukudanganya.

Kwa tunutu wa Ephemeroptera (mayfly), tazama vifuko vya mbawa mgongoni. Vikiwa vimekuwa vyeusi, tunutu yuko karibu kutoka majini, na viungo vyote vimefikia umbo lake la mwisho.

Ukiweza, wabakize wachache hai kwenye kikombe kilichofunikwa kwa shashi hadi watoke wakubwa. Gamba lililovuliwa majini na mbu mkubwa aliyetoka humo, vikiwekwa pamoja kwa namba moja, huondoa ubishi ambao mchoro peke yake hauwezi kuuondoa.

Kipimo kabla ya penseli

Hadubini ya kutazamia vitu vizima, ya ukuzaji wa mara 10 hadi 40, inatosha kwa umbo la mwili. Nywele na meno madogo huhitaji hadubini ya slaidi ya mara 100 hadi 400. Kwa kila ukuzaji, weka chini ya lenzi rula ya slaidi, yaani milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, ulinganishe na vigawanyo vilivyomo ndani ya lenzi ya jicho. Tuseme vigawanyo 40 vya lenzi vimefunika milimita 1: kila kigawanyo ni milimita 0.025. Andika jedwali hilo ulibandike kwenye mguu wa hadubini. Hadubini ya kukuza kwa kuzungusha kitasa kisicholia "tiki" ni mtego, kwani ukikigusa kidogo tu kipimo chako kimekufa. Tia alama kwa rangi ya kucha pale unapochorea, na urudi hapo kila mara.

Wengi hawana kioo cha kuchorea kinachofungwa kwenye hadubini. Mbadala mzuri ni lenzi ya jicho yenye viraba 10 kwa 10. Kama kiraba kimoja ni milimita 0.6 ya mdudu, chora kwenye karatasi viraba vya milimita 15, nawe utakuwa unakuza mara 25. Kiluwiluwi wa milimita 6 atakuwa na urefu wa milimita 150 kwenye karatasi, na mstari wa kipimo wa milimita 1 utakuwa na milimita 25. Nakili kiraba kwa kiraba: ukingo umekata wapi mstari wa juu, umetokea wapi upande wa kulia. Usichore "kiluwiluwi". Chora mahali mistari inapokatana.

Kuweka karatasi ya grafu chini ya sahani ya kioo ni njia ya haraka, lakini grafu iko chini na mdudu yuko juu, na katikati kuna kioo na maji. Ukisogeza kichwa, mdudu anahama milimita nzima. Itumie kupimia urefu wa jumla tu.

Picha ya simu iliyopigwa kupitia lenzi ya jicho inaweza kuchapwa na kunakiliwa juu yake kwa karatasi ya kupitisha mwanga. Inasaidia kwa umbo la nje, mradi mdudu awe katikati ya picha, kwa kuwa pembeni lenzi huvuta mistari ikawa mapindo. Piga rula ya slaidi kwa ukuzaji huohuo na uichape pamoja. Nywele zichore ukiwa unatazama hadubini, kamwe si kutoka kwenye picha.

Mdudu lazima azame kabisa kwenye spiriti. Sehemu ya mgongo ikichomoza juu, mwanga hurudi na kutengeneza ukingo wa uongo ambao mchoraji mgeni huuchora kwa uaminifu. Ili asigeuke, mlaze kwenye mchanga mweupe safi, au bora zaidi kwenye jeli ya kutakasa mikono iliyo na alkoholi. Jeli hiyo humshika ubavuni, kifudifudi au vyovyote upendavyo, na matamvua yake hutandazika kama yalivyokuwa majini. Iache itulie mpaka mapovu yapande. Ukimaliza, msuuze mdudu kwa spiriti na umrudishe chupani. Mwanga utoke pande mbili: tochi mbili ndogo za LED hutosha, na karatasi nyeupe mbele ya kila moja huondoa mng'ao.

Mbu

Hatua ya kwanza haihitaji hata hadubini. Anopheles hulala sambamba na uso wa maji kwa sababu hana mrija wa kupumulia. Culex na Aedes hutundika kichwa chini, mrija ukigusa juu. Chora vijimchoro hivyo viwili vya mkao wakiwa hai. Vinachukua dakika tano na vinamsaidia mtu wa kijijini kuliko ukurasa mzima wa nywele.

Kazi yenyewe inaanza baada ya hapo. Kwa slaidi ya muda, tumia tone la gliserini. Mlaze kiluwiluwi mgongo juu. Kwa wenye mrija, kata tumbo kati ya pingili ya 6 na ya 7 ili kipande cha nyuma kilale ubavu na mrija uonekane wote. Kabla ya kushusha kioo cha kufunikia, weka vipande viwili vya kioo kilichovunjika kando ya mdudu kama nguzo. Bila nguzo kioo hukandamiza kichwa kikapanuka, na uwiano wote utakaoupima baadaye utakuwa wa kichwa kilichopondwa.

Kama mwili ni mweusi mno, lowesha katika potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10, yaani gramu 10 kwa maji hadi ml 100. Angalia kila nusu saa. Ukimsahau, ngozi laini huachana na kila kitu huelea. Dawa hii huunguza, kwa hiyo vaa glavu na miwani, na suuza sampuli kwa maji kabla ya gliserini.

Katika michoro ya viluwiluwi wa mbu kuna desturi moja inayookoa nafasi: chora mstari wa katikati, kisha upande mmoja uwe wa mgongoni na mwingine wa tumboni. Kila unywele una namba na herufi ya sehemu yake, C kwa kichwa, P, M na T kwa pingili tatu za kifua, namba za Kirumi kwa tumbo, S kwa mrija. Unywele 2-C ni wa pili wa kichwani, na mtu yeyote duniani anayesoma namba hizo ataelewa. Pingili hesabu ukitokea nyuma. Mrija, au matundu ya hewa kwa Anopheles, uko kwenye ya 8. Kile kipande cha mwisho chenye kibamba kama tandiko na brashi ya nywele huitwa cha 10, kwani ya 9 imemezwa. Anayeanzia kifuani mara nyingi hukosea kwa pingili moja, na kosa hilo huhamisha nywele zote.

Kwa Anopheles, chora mambo matatu. La kwanza ni paji la kichwa na nywele 2-C na 3-C. Katika jenasi ndogo ya Cellia, walimo An. gambiae na An. funestus, mashina ya 2-C mbili yameachana. Katika jenasi ndogo ya Anopheles, kama An. coustani wa madimbwi yenye majani, yamekaribiana sana, na 3-C imechanua kama kichaka. Chora tundu la unywele na nafasi kati ya matundu kwa kipimo, kwa maana hiyo nafasi ndiyo hoja yenyewe. La pili ni kibamba cha mgongoni cha pingili moja, tuseme ya 5. Kwa An. funestus kibamba cha mbele ni kipana mno, kimefunika sehemu kubwa ya upana wa pingili na kukimeza kibamba kidogo cha nyuma. Kwa An. gambiae kibamba ni chembamba, na kile cha nyuma kimesimama peke yake. Ukiwachora wawili hao kando kwa kando kwa kipimo kimoja, hata mwanafunzi wa kidato cha pili ataona. La tatu ni unywele wa kiganja, ule unaofunguka kama feni juu ya maji. Chora jani lake moja kwa ukuzaji wa 400, na ncha yake.

Kisha kuna mahali penseli inafika mwisho. An. gambiae wenyewe na An. arabiensis hawatenganishwi kwa umbo kwa usalama wowote. Kazi hiyo ni ya DNA. Andika An. gambiae s.l., yaani kundi zima la spishi hizo, na uiache hapo. Kutafuta unywele wa kuwatenganisha ni kupoteza mafuta ya taa.

Kwa wenye mrija, pima urefu wa mrija ugawe kwa upana wake wa katikati. Culex mara nyingi hufika 4 au zaidi, Aedes aegypti ni mfupi mnene, kama 2 hivi. Useme umepimia upana wapi, maana wengine hupimia kwenye shina na matokeo hayalingani. Culex ana jozi kadhaa za vishungi vya nywele kwenye mrija, Aedes ana jozi moja. Halafu tazama chana, yaani vigamba vya ubavuni mwa pingili ya 8. Kwa Aedes aegypti vimepangwa mstari mmoja, na kila kimoja kina mwiba mkubwa katikati wenye vijimeno imara ubavuni. Kwa Culex quinquefasciatus, yule wa vyoo na mitaro michafu, ni vingi vidogo vilivyorundikana kama kiraka. Hapa chora kigamba kimoja peke yake, kikubwa, kando ya mchoro mkuu. Chana iliyochorwa kama safu ya vidoti haimsaidii mtu.

Mansonia hutamkuta kwa upawa. Mrija wake umechongoka, nao huutoboa mzizi wa mmea wa majini, kama Pistia, na kupumulia humo. Ng'oa mmea, utikise kwa nguvu ndani ya ndoo, subiri, kisha chuja.

Nywele hukatika. Pale ulipokatika hubaki kitundu cha duara. Chora kitundu, uache hapo. Ukiujaza kutoka kwenye unywele wa upande wa pili, tia alama ndogo useme umejaza. Mchoro mmoja utoke kwenye viluwiluwi 10 au zaidi: mmoja ndiye mwili wa mchoro, wengine tisa ni mashahidi. Kando ya kila unywele muhimu andika kiwango cha chini, cha juu na cha kawaida cha matawi, kwa mfano "3–6 (4)". Asiyefanya hivi huchora mdudu mmoja mwenye hitilafu akamfanya mfalme wa spishi.

Tunutu na lava wa makorongo

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kuhesabu mikia. Wanaambiwa Ephemeroptera ana mitatu na Plecoptera (stonefly) ana miwili, wakaridhika. Lakini baadhi ya Baetidae, familia mojawapo ya Ephemeroptera, wana miwili, na mkia wa katikati hukatika kwa urahisi. Hesabu kucha kwanza: Ephemeroptera ana ukucha mmoja kila mguu, Plecoptera ana mbili. Kisha tazama matamvua yako wapi. Ya Ephemeroptera yako ubavuni mwa tumbo. Ya Neoperla, Plecoptera wa kawaida wa mito ya Afrika, ni vishada vyeupe kifuani, kwenye mashina ya miguu. Chora ukucha mara 100 au zaidi, pamoja na meno yake ya ndani, uyahesabu.

Matamvua yachore kabla ya kutia kitu chochote cha kusafisha. Potasiamu haidroksaidi huyala yakabaki maganda. Ng'oa ya upande mmoja tu, moja moja kwa mpangilio, uyalaze kwenye slaidi moja. La kwanza, la nne na la saba ndiyo yanayoonyesha mabadiliko kutoka mbele kwenda nyuma. Caenidae, familia nyingine ya Ephemeroptera, utamjua kwa jozi ya mifuniko ya mraba inayofunika mengine.

Kwa spishi za Baetidae hakuna njia ya mkato: lazima ufungue kinywa. Taya la kushoto na la kulia havifanani. Usichore moja ukaligeuza kwa kompyuta. Kugeuza nusu ya mwili kunaokoa muda kwenye umbo la nje, lakini kwenye taya ni kughushi.

Kereng'ende ni rahisi kumtambua kwa mdomo wa chini unaokunjika chini ya kichwa kama mkono. Ufungue kwa sindano mbili, uchore ukitazama kwa ndani, uhesabu nywele za kila upande. Wale wembamba wana majani matatu nyuma. Jani lililokatika huota tena likiwa fupi, kwa hiyo chora yote matatu, na lisilolingana lisitumike kupimia.

Simulium (inzi weusi wadogo wanaouma) wa kwenye maporomoko madogo humshinda mchoraji anayeng'ang'ania lava (buu) tu. Tafuta lava mwenye doa jeusi kila upande wa kifua. Hilo doa ni tamvua la bundo lililokunjwa ndani. Lichomoe kwa sindano, ulikunjue kwenye gliserini, uhesabu nyuzi na uchore zinavyogawanyika, kama mti na matawi yake. Hapo spishi hutengana vizuri kuliko popote mwilini mwa lava.

Trichoptera (caddisfly) wenye nyumba wahifadhiwe na nyumba zao chupa moja. Chora kifua kutoka juu uonyeshe ni pingili zipi kati ya tatu zenye vibamba vigumu. Hydropsychidae, ambao hawana nyumba bali hutanda nyavu, wanavyo kwenye zote tatu, na tumbo lao chini lina matamvua yenye matawi. Nyumba peke yake si ushahidi wa spishi. Mdudu hujenga kwa kile alichokikuta.

Kama kazi yako ni kupima afya ya mto kwa mfumo wa TARISS (Tanzania River Scoring System), unaishia kwenye familia. Usipoteze wiki kwa meno ya ukucha. Vijimchoro vya mkao, kucha na matamvua vinatosha.

Wino

Chora kwanza kwa penseli 2H, kisha nakili kwa wino. Kalamu tatu zinatosha: 0.5 kwa ukingo wa mwili, 0.3 kwa vibamba na pingili, 0.1 kwa nywele. Mchoro uwe mara mbili ya ukubwa utakaochapwa. Ukipunguzwa nusu, mikwaruzo midogo hujificha, lakini mstari wa 0.1 huwa 0.05 na mashine ya kunakili ya stesheni huumeza. Kwa mchoro utakaopitia mashine hizo, nywele zianzie 0.2.

Unywele huchorwa kutoka kwenye tundu kwenda nje, kalamu ikiinuliwa taratibu ili ncha ichongoke. Ukianzia nchani utapata kirungu. Mstari wa nyuma ukatike kidogo unapopita chini ya wa mbele, vinginevyo msomaji hajui kipi kiko juu.

Kivuli ni anasa. Kikihitajika, mwanga uchukuliwe kuwa unatoka juu kushoto, na kivuli kiwe cha vitone vilivyogongwa kwa kalamu iliyosimama wima. Kitone chenye mkia huonekana kama unywele. Kwenye kibamba kisicho na nywele, usiweke vitone kabisa.

Masika ya Kigoma hutia karatasi unyevu ikajikunja na kutanuka. Weka michoro kwenye bati lenye mfuniko pamoja na mchele mkavu uliokaangwa, na mstari wa kipimo uchorwe siku ileile na mwili, kwenye karatasi ileile, ili vikitanuka vitanuke pamoja. Kwa sababu hiyohiyo usiandike "mara 25" peke yake. Mchoro ukipunguzwa maneno hayo huwa uongo, ila mstari hupungua pamoja nao.

Ukurasa wa kulinganisha, na jaribio lake

Spishi zinazochanganywa ziwe ukurasa mmoja, kiungo kilekile, upande uleule, kipimo kilekile. Usimweke mmoja kifudifudi na mwingine ubavu. Mishale miwili au mitatu ielekee kwenye tofauti. Ikizidi, hakuna anayeifuata. Chini andika namba ya chupa, mahali, tarehe na hatua ya ukuaji.

Kisha funika majina, mpe mwenzako ambaye hakuwaona wadudu, pamoja na ufunguo wa kutambulisha. Atembee nao swali kwa swali akitumia mchoro tu. Pale anaposema "sioni", andika namba ya swali. Mara nyingi utakuta ni kiungo ulichokichora kwa mazoea bila kukitazama, au kilichofichwa na kivuli. Fungua chupa yenye namba hiyo, mrudishe mdudu kwenye jeli, uhesabu upya. Akifika kwenye jina tofauti na lako bila kukwama popote, mpe mtu wa tatu chupa yenyewe bila mchoro.